Sauti ya Kwenye Ngazi

Juzi kijana wa jirani aliniomba nimwekee muziki wa magitaa wa zamani. Nikamwekea Murmur, albamu ya kwanza ya R.E.M. Wimbo wa kwanza haujafika hata kwenye kiitikio, kidole chake kilishauruka. Akauruka na wa pili. Sikumwambia kitu, lakini niliumia. Alipoondoka nilizima taa, nikaianza upya peke yangu.

Vijana wanne wa Athens, mji wa chuo kikuu huko Georgia, Marekani, waliirekodi mwanzoni mwa 1983 mjini Charlotte. Kabla ya hapo, mtayarishaji mwingine aliwarudisha kwenye wimbo mmoja mara chungu nzima, kisha akaupachika vinanda vya umeme. Wakakataa. Wakamrudia Mitch Easter, aliyekwisha kufanya nao kazi, safari hii akiwa na Don Dixon, na sharti lao likawa wazi: vinanda vya mtindo visiwemo, wala gitaa la kujionyesha.

Gitaa lenyewe ndilo linalonirudisha kila mara. Peter Buck hakuzikwangua nyuzi zote kwa pamoja. Alizidonoa, uzi baada ya uzi, na sisi tuliolelewa na muziki wa dansi tunautambua mkono wa namna hiyo hata ukitokea ng'ambo ya bahari. Chini yake besi ya Mike Mills haifuati tu. Ina wimbo wake. Bill Berry anawashikilia wote kwa ngoma zisizo na papara.

Halafu Michael Stipe. Aliimbia kwenye ngazi za studio, gizani, wenzake wasimwone. Maneno yake yanateleza, yanazama kwenye ala, yanaibuka nusu. Miaka yote hii nimesikiliza, na ipo mistari ambayo sijaipata bado. Jalada linafanana naye: kudzu tupu, ule mmea unaotambaa na kumeza miti na nyumba kusini mwa Marekani.

Mwaka huohuo jarida la Rolling Stone liliiteua kuwa albamu bora. Walikuwapo basi watu wenye subira. Siku hizi kompyuta hufuta hadi pumzi ya mwimbaji, na wimbo hukimbilia kiitikio kwa kuogopa kidole cha msikilizaji.

Nyimbo ni 12, hazifiki dakika 45. Mwanangu, ukipita tena, kaa kitako. Simu iache mfukoni.