Mwalimu wa Uwanjani na Nyaraka Zake

Wasifu wa mwanamichezo ni utanzu ambao mara nyingi huachiwa mashabiki, nao huusoma kwa kutafuta idadi ya ushindi. Hata hivyo, mtu anayesimulia maisha yake husimulia kwa kuchagua, na uchaguzi huo ndio unaomhusu mhakiki. Makala haya yanamtazama Amos Alonzo Stagg, mmoja wa makocha wa mwanzo wa michezo ya vyuo vikuu huko Marekani, kwa kulinganisha masimulizi yake na ushahidi wa nyaraka.

Stagg alizaliwa tarehe 16 Agosti 1862 huko West Orange, New Jersey. Alisoma Yale, akavuma kwa urushaji wa mpira wa besiboli, na alikusudia kuwa mchungaji. Alipojiona hana kipaji cha kuhubiri, alihamia chuo cha YMCA cha kufunzia walimu wa michezo huko Springfield. Hapo alikuwa pamoja na James Naismith, aliyebuni mpira wa kikapu mwaka 1891. Katika mchezo wa kwanza wa hadhara, Machi 1892, walimu walishindwa na wanafunzi wao kwa 5 kwa 1. Hilo moja la walimu alilitia Stagg.

Mwaka huo huo William Rainey Harper, rais wa kwanza wa University of Chicago, alimpa kazi ya kuongoza michezo. Jambo jipya lilikuwa cheo chake: kocha aliingizwa katika safu ya maprofesa, na ajira yake ikawa ya kudumu. Wachezaji wa mpira wa Kimarekani walikuwa wachache mno hata ikambidi mwalimu mwenyewe kuingia uwanjani kucheza nao. Aliifundisha timu hiyo hadi mwaka 1932, akastaafishwa kwa kufikia umri wa miaka 70, kisha akafundisha College of the Pacific, California, mpaka 1946. Alifariki tarehe 17 Machi 1965 akiwa na umri wa miaka 102.

Tawasifu yake, Touchdown!, ilitoka mwaka 1927. Ni masimulizi aliyompa Wesley Winans Stout, mwandishi wa magazeti, ayaandike. Hapana budi msomaji alikumbuke jambo hilo, kwani nafsi ya kwanza inayozungumza kitabuni ni kazi ya watu wawili: mmoja anakumbuka, mwingine anapanga na kulainisha. Zaidi ya hayo, kitabu kilitoka wakati Stagg angali kazini. Mtu aliye kazini hasimulii kama mtu aliyekwisha kuiaga kazi.

Nyaraka zake zimehifadhiwa katika maktaba ya University of Chicago. Humo mna barua, michoro ya mbinu za mchezo na vipande vya magazeti. Michoro inatuonyesha mwalimu anayeandaa somo lake kwa bidii. Si ajabu kwamba mwaka 1893 yeye na Henry L. Williams walichapisha kitabu cha kufundishia mchezo huo. Barua zina uzito wa namna nyingine. Katika mojawapo, aliyowaandikia jamaa zake, Stagg alieleza mpango wa Harper: aunde timu zitakazozunguka nchini na kuvishinda vyuo vingine, nazo zitasafirishwa katika behewa la fahari. Kumbe, hata kabla chuo hakijafungua milango, michezo ilikwisha kupewa kazi mbili: kuwalea vijana na kukitangaza chuo.

Kazi hizo mbili ndizo zilizochunguzwa na Robin Lester katika kitabu chake Stagg's University, kilichochapishwa mwaka 1995. Lester anaonyesha jinsi kazi ya pili ilivyoimeza ya kwanza. Mfano mzito ni Walter Eckersall, mchezaji aliyeipatia Chicago sifa kubwa, hasa mwaka 1905 ilipoishinda Michigan kwa 2 kwa 0. Masomo yake yalikuwa dhaifu, lakini aliendelea kuchezeshwa, na mwishowe aliondoka bila shahada. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka 1939, wakati wa urais wa Robert Maynard Hutchins, chuo kiliufuta kabisa mchezo huo. Uwanja wenye jina la Stagg ukabaki na majukwaa matupu. Tarehe 2 Desemba 1942, chini ya jukwaa mojawapo, Enrico Fermi na wenzake walifanikisha mfululizo wa kwanza wa kinyuklia uliodhibitiwa.

Je, tumwone Stagg mnafiki? Sidhani. Hakunywa pombe wala kuvuta tumbaku, na imani yake kwamba mchezo hujenga tabia ilikuwa ya kweli. Lakini unyofu wa mtu mmoja hauwezi kusafisha utaratibu mzima, hasa utaratibu aliousimamisha yeye mwenyewe. Hapo ndipo hoja ya Lester ilipo na nguvu kuliko tawasifu.

Nasi walimu wa Kiswahili tuna sababu yetu ya kulitafakari jambo hili. Katika viwanja vya Afrika Mashariki, kocha huitwa mwalimu. Kama jina hilo si la heshima tupu, basi na apimwe kwa kipimo cha mwalimu wa darasani: mwanafunzi wake aliondoka na nini? Kwa kipimo hicho, Eckersall aliyeondoka bila shahada ana uzito kuliko ushindi wa 1905.

Darasani, mwalimu aweza kuwapa wanafunzi ukurasa wa tawasifu na barua kuhusu tukio lile lile, wazipime sauti mbili hizo. Aidha, shule zetu zina makocha waliotumikia miaka mingi. Madaftari yao, orodha za wachezaji na barua zao zikusanywe kabla ya kuliwa na mchwa. Zikipotea, tutabakiwa na sifa peke yake, na sifa peke yake haitoshi kuandika wasifu.