Kufanana Si Umri: Uhakiki wa Ramani za Moreni za Rwenzori

Barafu ya Rwenzori zamani ilishuka bonde la Mobuku, mbali chini ya ilipo leo. Ushahidi wake ni moreni, yaani matuta ya mawe na udongo yaliyosukumwa na barafu, kisha yakaachwa ilipoyeyuka. Henry Osmaston aliyachora kwenye ramani, akayagawa katika vipindi. Tasnifu yake ya 1965 na makala yake ya 1989 ni kazi ya miguu na macho, na anayesoma milima hii hawezi kuziruka.

Hata hivyo, ulinganishaji wake una udhaifu. Tuta la bonde moja lilipewa jina la kipindi cha bonde jingine kwa sababu ya kimo, umbo na mmomonyoko wake. Mabonde hayafanani. Nyamugasani, ambao maji yake hupita kati ya Kasese na Bwera kwenda Ziwa Edward, una miteremko na mvua yake. Matuta mawili yanaweza kufanana kama mapacha na yasiwe ya zama moja.

Tarehe nazo zilikuwa chache. Daniel Livingstone alitoboa tope la Ziwa Mahoma, na mwaka 1962 akatangaza kwamba tabaka la chini lina karibu miaka 15,000 kwa kipimo cha kaboni. Lakini tope hutua baada ya barafu kuondoka. Umri huo hautuambii tuta lilijengwa lini; unatuambia tu kwamba tuta ni kongwe zaidi ya tope. Mwaka 2014 Meredith Kelly na wenzake walipima beriliamu-10 katika mawe ya moreni yenyewe, wakapata umri wa zaidi ya miaka 20,000, wakati Afrika Mashariki ilikuwa baridi na kavu.

Hili si suala la majina tu. Mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilikuwa kilomita za mraba 6.5 hivi, mwaka 2003 haikufika hata moja. Wataalamu wamebishana: ni joto, au ni upungufu wa unyevu? Kama barafu ilikua wakati wa ukavu, baridi ndiyo iliyoikuza, na hoja ya joto inapata nguvu. Tukikosea umri wa tuta, tunaioanisha barafu na hali ya hewa isiyo yake.

Kwa maoni yangu, ramani ya Osmaston ibaki, ila majina yake yasomwe kama maswali. Kila bonde lijibu kwa mawe yake.