Ramani, Rweya na Deni

Uhakiki tuliofundishwa, na ambao nami niliufundisha kwa miaka mingi katika chuo cha ualimu, ulikuwa wa riwaya, tamthiliya na ushairi. Mwanachuo alitakiwa aeleze maudhui, aingie katika fani, kisha atoe hukumu yake mwenyewe pasipo kumwogopa mwandishi wala mkufunzi. Leo namwomba msomaji aniruhusu nihakiki kitu ambacho hakimo katika muhtasari wowote wa fasihi. Kitu hicho ni kazi ya waandishi wa programu za kompyuta, nayo inaitwa Leaflet. Nimeishi nayo mezani kwa muda wa likizo nzima ya mjukuu wangu anayesomea kompyuta, na naona inastahili kuhakikiwa kama kitabu kinavyohakikiwa.

Kwanza nieleze imefikaje Kishanda. Tarehe 10 Septemba 2016 mkoa wetu wa Kagera ulipigwa na tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9. Watu walikufa, nyumba nyingi zilianguka, na shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Siku chache baadaye nilikuwa Bukoba kuwapa pole shemeji zangu. Dereva mmoja aliyebeba maturubai alinionyesha simu yake akiuliza njia ya kufika shule fulani ya msingi vijijini. Kwenye kioo ilionekana barabara kuu, na pembeni yake weupe mtupu. Shule ile niliifahamu, kwani niliwahi kwenda pale kwa baiskeli kuwakagua wanachuo wangu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Nikapanda gari nikamwelekeza. Njiani nikawa najiuliza: je, siku nisipokuwapo mimi na wazee wenzangu, nani atamwelekeza dereva?

Swali hilo lilinikaa moyoni miaka mingi. Mjukuu wangu alipokuja likizo nilimwomba tutengeneze ramani ya shule zote nilizowahi kuzikagua, pamoja na majina ya vilima na mito kama wenyeji wanavyoyataja. Akaniambia, "Babu, hiyo ni kazi ya siku mbili. Tutatumia Leaflet." Zilikuwa wiki tano.

Leaflet ni nini? Wenyewe huiita maktaba ya JavaScript. JavaScript ni lugha ambayo kurasa za intaneti huandikwa ili ziweze kutenda jambo badala ya kusomwa tu. Neno maktaba linaweza kumpotosha mzee kama mimi anayefikiria rafu na vitabu. Ningeona afadhali kusema sanduku la zana: fundi hafui nyundo yake kila anapotaka kupiga msumari, bali hufungua sanduku akachukua nyundo iliyofuliwa na mwingine. Sanduku hili lilitolewa mwaka 2011 na Volodymyr Agafonkin wa Kyiv, Ukraine, na baada yake mamia ya watu wa nchi mbalimbali wamelichangia, mmoja akisahihisha kosa, mwingine akiongeza maelezo. Kila mtu anaruhusiwa kulitumia, kulisoma ndani na kulibadilisha. Programu za namna hiyo huitwa programu huria.

Nianze na sifa zake. Jambo la kwanza lililonifurahisha ni ufupi. Sanduku zima lina uzito wa kilobaiti 42 hivi, chini ya picha moja ya simu. Kwa sisi tunaonunua bando kidogo kidogo na kusubiri mtandao kama tunavyosubiri mvua za vuli, huo ni uungwana. Nilimwuliza mjukuu dunia nzima inaingiaje katika simu, akanieleza vizuri kuliko nilivyotarajia. Ramani imekatwa vipande vya mraba. Ukiitazama dunia kwa mbali kabisa, kipande ni kimoja. Ukisogea hatua moja vinakuwa 4, hatua ya pili 16, na kila hatua vinazidishwa kwa 4. Hatua ya 13, ambapo mtu huanza kuziona barabara za kijijini, vipande vya dunia nzima ni 67,108,864. Lakini Leaflet huagiza vile vichache tu vinavyotosha kioo chako, na ukisogeza kidole huagiza vinavyofuata. Huo ndio ualimu hasa. Mwalimu mzuri hamwagii mwanafunzi muhtasari wote siku ya kwanza, humpa kile anachoweza kukitazama.

Sifa ya pili ni kujizuia. Waliolitunza sanduku hili wamekataa kuweka ndani kila kitu wanachoombwa. Atakaye jambo la ziada hutengeneza kiongezo chake pembeni, na viongezo hivyo sasa ni mamia. Nimewajua waandishi wengi wa vitabu vya kiada walioshindwa kujizuia hivyo.

Hata hivyo mhakiki asiyeona kasoro hajasoma. Kasoro ya kwanza ni ya lugha na mifano. Mwongozo tulioutumia ni wa Kiingereza, na mfano wa kwanza wa mwanafunzi ni ramani ya London. Siwalaumu sana, kila mtu huanza na mahali anapopajua. Nawalaumu zaidi wenzangu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa kuifasiri programu ya OpenOffice kwa Kiswahili, na Jambo OpenOffice ikatoka mwaka 2004. Njia ilikwisha kufyekwa, na sisi walimu wa lugha hatukuipita kwa wingi.

Kasoro ya pili ilitugharimu siku nne. Leaflet hutaka latitudo itajwe kwanza, kisha longitudo, kama tulivyofundisha darasani. Lakini mfumo wa kuhifadhia data uitwao GeoJSON, ambao hutumika pamoja nayo, huanza na longitudo. Mji wa Muleba uko karibu na nyuzi 1.8 kusini mwa Ikweta na nyuzi 31.7 mashariki. Mjukuu alinakili tarakimu kutoka faili moja kwenda jingine bila kuzigeuza, na shule zangu zote zikahamia jangwani magharibi mwa Algeria, upande wa Béchar. Aliporekebisha akasahau alama ya kutoa, tukavuka Ikweta tukatua karibu na Masindi, Uganda. Nilimwambia kwamba wazee husimulia Wahinda waliotawala huku walitoka kaskazini, Kitara, basi labda kompyuta inajua historia. Hakucheka. Kosa lilikuwa letu, lakini pale ambapo kila mgeni hujikwaa, mwenye nyumba angeweka taa kubwa zaidi.

Kasoro ya tatu inatokana na sifa niliyoisifu. Viongezo ni vya watu binafsi, na baadhi yao wamekwisha kuchoka. Kimoja tulichokitegemea kilikuwa hakijaguswa na mtunzaji wake kwa miaka kadhaa, na hakikupatana tena na toleo jipya. Mjukuu alikasirika sana. "Babu, watu hawa wanaachaje kazi katikati?" Nikamwuliza alikuwa amemlipa mtu huyo shilingi ngapi. Akanyamaza.

Hapo ndipo uhakiki wangu ulipogeuka, kwa maana niliona kwamba ninachokipima ni sisi tunaoifungua programu kama vile ninavyoipima programu yenyewe.

Msomaji asiye wa Buhaya anivumilie kidogo. Kwetu ardhi ilikuwa ya namna mbili. Kuna kibanja, shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, ambalo lina mwenyewe. Na kulikuwa na rweya, mbuga ya nyasi iliyo wazi. Kila mtu wa kijiji aliruhusiwa kuchunga huko, na kukata nyasi za kuezeka na za kutandaza chini ya migomba. Nilipokuwa mtoto tulibeba mizigo ya nyasi kutoka rweya kila wiki. Kibanja kilinawiri kwa sababu hiyo. Lakini wataalamu wa udongo wametueleza jambo ambalo wazee walilijua kwa macho: rutuba iliyobebwa kwenda kibanjani haikurudi. Mwaka hata mwaka tulitoa, wala hatukupeleka hata kapu moja la samadi. Rweya ikadhoofika, nyasi zikawa haba. Baadaye wenye uwezo walipoizungushia ua na kupanda miti yao, wengi wetu hatukuwa na la kusema, kwani hakuna aliyekuwa ameitunza.

Programu huria ni rweya. Tofauti ni moja tu, nayo ni kubwa: nyasi za rweya hii hazipungui kwa kukatwa. Mimi nikinakili Leaflet, wa Kyiv hapungukiwi hata herufi. Kwa sababu hiyo watu husema hapa hakuna deni. Nami nilisema hivyo wiki ya kwanza. Sasa nasema ni uongo mtamu. Nyasi hazipungui, ila mlinzi wa njia huchoka. Kuna mtu anayeyapokea malalamiko usiku baada ya kazi yake ya mchana. Picha za ramani tulizoziagiza hutoka katika seva za OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa mwaka 2004, unaoendeshwa kwa kujitolea na michango, na wenyewe wameweka masharti ili watumiaji wakubwa wasiwalemee wengine. Muda wa watu hao ndio rutuba inayobebwa.

Wapo waliorudisha samadi. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walitembea mitaa yao na kuiingiza katika ramani hiyo, kwani hapo awali mtaa wao ulionekana kama pori. Kuanzia mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu cha Ardhi walifanya kazi kama hiyo katika mradi wa Ramani Huria, wakichora kata za Dar es Salaam zinazokumbwa na mafuriko. Mimi na mjukuu tuliwafuata kwa unyonge: kila shule tuliyoihakiki kwa macho tuliiingiza pia kule, kwa watu wote. Tulitimiza shule 31. Weupe ule wa simu ya dereva umepungua kwa kiasi hicho.

Nimalizie na jambo dogo lililo kwenye pembe ya chini ya ramani. Pale Leaflet huandika jina lake, na kando yake hutajwa waliochangia OpenStreetMap. Tangu mwaka 2022, nchi ya mtunzi ilipovamiwa na Urusi, pana pia bendera ndogo ya Ukraine. Mjukuu aliona maandishi yale yanaharibu sura ya kazi. "Mstari mmoja tu, Babu, yanaondoka." Ni kweli, mstari mmoja unatosha. Kuhusu bendera nilimweleza kwamba mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovamia mkoa huu na daraja la Kyaka likavunjwa, nami kama ningekuwa na pembe ya ramani inayotazamwa na dunia, ningeweka bendera yangu. Hatutalazimishwa kuiacha, lakini sikuona sababu ya kumfutia mtu kilio chake.

Kuhusu majina ya wachangiaji nilitaka kumpa hotuba ya uaminifu, kama nilivyowapa wanachuo walionakili insha. Hotuba ikanikwama kooni.

Katika miaka ya 1980 chuo chetu hakikuwa na vitabu vya kutosha. Nilitayarisha kijitabu cha Jiografia ya mkoa, kikachapwa kwa stensili na kusambaa hadi vyuo vingine. Kilinipatia sifa, na naamini kilisaidia kunipandisha cheo. Maelezo yalikuwa yangu. Ramani zote 14 zilichorwa na mkufunzi mwenzangu kwa mkono wake, usiku, kwa taa ya chemli. Jalada lilikuwa na jina moja. Nilijiambia nafasi haitoshi. Yeye hakulalamika hata mara moja, akaendelea kunisalimu kwa heshima mpaka alipofariki, nami nilisoma wasifu wake kaburini bila kuzitaja ramani zile. Kumfuta kwangu nako kulikuwa kwa mstari mmoja tu.

Nilimsimulia mjukuu hayo yote. Hakusema neno. Aliyaacha maandishi ya pembeni kama yalivyo, akaniuliza jina la mzee yule huandikwaje, akaliongeza mbele ya yote. Nami nimeliweka katika ukurasa wa shukrani wa kitabu hiki, miaka arobaini baadaye, na watoto wake nimewapelekea nakala ya kijitabu kwa mkono wangu.

Hukumu yangu basi ni hii. Leaflet ni kazi iliyotungwa kwa akili na kiasi. Lugha yake haijatufikia, na mlango wake una kizingiti kinachoangusha wageni. Anayetaka kuionyesha ramani ya kwao aitumie bila hofu. Akimaliza kukata nyasi zake, akumbuke kupeleka kapu la samadi, na asiguse majina yaliyo pembeni.