Bunduki Ina Ukoo, Bakari Hana

Kuna wakusanyaji huko Ulaya na Marekani wanaoisoma bunduki kongwe ya Kiingereza ya mitutu miwili sambamba kama sisi tunavyosoma hati ya shamba. Fundi ni nani? Ni ya London ama Birmingham? Nambari yake? Kitako ni cha mti gani? Nawaelewa, kusema kweli. Kazi yenyewe ni safi: mitutu miwili, vifyatulio viwili, mmoja ukigoma mwingine unalia. Mbele ya kiboko aliyekasirika, huo si urembo.

Mimi hapa Ruiru sina bunduki, na sheria yetu haina mchezo na mambo hayo. Nakusanya kurasa. Ninazozirudia zaidi zimo katika African Game Trails, kitabu cha Theodore Roosevelt cha 1910. Mwaka 1909 alifikia Juja Farm kwa McMillan, hapa tu kati ya Ruiru na Thika. Kwa matatu hujamaliza njugu zako ushafika.

Roosevelt anajua kuandika bunduki. Raifo yake ya Holland & Holland, ya mitutu miwili, ilikuwa zawadi kutoka Uingereza, na anawaorodhesha waliomchangia mmoja mmoja, malodi na mabwana, vyeo na kila kitu. Walimpa kwa kumshukuru kwa juhudi zake za kuhifadhi wanyama, eti! Halafu anawataja wabebaji wake wa bunduki: Muhamed na Bakari. Basi.

Tumpe haki yake, maana wenzake wengi hata jina hilo moja hawakuandika. Lakini usiniambie eti ndivyo walivyoandika zamani. Ile orodha ya wachangiaji inaonyesha nafasi ya majina kamili ilikuwepo.

Safarini alikuwa pia na Fox ya marisau, ya mitutu miwili sambamba, ingawa hiyo ni ya Kimarekani. Mwaka 2010 ilipigwa mnada kwa dola 862,500. Chuma na mbao haviwezi kufika huko peke yao; kilichonunuliwa ni hadithi, na sehemu kubwa ya hadithi hiyo ni nyika yetu na mabega ya watu wetu.

Kitabu bado nakisoma, hasa sura ya Juja. Kwenye nakala yangu, pembeni mwa jina la Bakari, nimeandika kwa penseli: wa nani?