Tundu la Ishirini na Moja

Nilikuwa natafuta cheti cha kuzaliwa, nikaangukia *The Tailor of Gloucester*. Kijitabu cha kuenea kiganjani, jalada limechujuka, kurasa zimeshika rangi ya chai. Nikiwa darasa la tatu nilikisoma kwa sababu ya panya. Safari hii nimekisoma kwa sababu ya uzi.

Ni kisa cha Krismasi. Fundi maskini wa Gloucester, Uingereza, anashona koti na kizibao cha meya atakayeoa asubuhi ya sikukuu. Vitambaa vimekwisha katwa na kupangwa mezani. Kimepungua kitu kimoja, hariri nyekundu iliyosokotwa ya kushonea matundu ya vifungo. Peni zake nne za mwisho anampa paka wake, Simpkin, akanunue chakula na uzi huo. Fundi naye anawafungulia panya ambao paka aliwafungia chini ya vikombe. Simpkin anarudi, anakasirika, anauficha uzi ndani ya buli. Fundi anashikwa na homa.

Aliyewahi kukaa barazani kwa fundi cherehani tarehe 24 Desemba, akiambiwa "zunguka kidogo, nimebakiza vifungo tu," anaijua hofu hiyo, ila kwa upande wa mteja. Beatrix Potter anatuketisha upande wa mkasi.

Mwandishi huyu alikiandika na kukichora kwa mkono, akampa Freda Moore, mtoto wa aliyekuwa mwalimu wake, Krismasi ya 1901. Mwaka uliofuata alichapisha nakala 500 kwa fedha zake. Mwaka 1903 kampuni ya Frederick Warne ikakitoa, baada ya kupunguza mashairi mengi. Walifanya vyema. Hata yaliyobaki yananichelewesha kufika kwenye kizibao.

Maana kizibao ndicho kitabu chenyewe. Potter hakukibuni kichwani. Alikwenda Makumbusho ya Victoria and Albert, London, akaletewa mezani nguo za karne ya 18, akachora tarizi zake kana kwamba yeye ndiye ameagizwa kuzishona. Sogeza picha kwenye taa: maua yamelala kufuata njia ya sindano, hayakulala kufuata brashi. Mchoraji mvivu angedondosha madoa ya rangi akasema ni maua, na watoto wengi wangekubali.

Nyumbani kwetu asingeponea. Bibi alikuwa akishona kofia za viua kwa mkono, kazi ya miezi kwa kofia moja. Kiingereza hakukijua, kwa hiyo nilimsimulia: usiku panya wanalipa fadhila, wanashona kila kitu, matundu ishirini yanakamilika, la ishirini na moja linabaki wazi na kikaratasi kimebanwa hapo kusema uzi umewaishia.

"Hawakutia uzi mwingine?"

"Hapana, Bibi."

"Basi hao wamefundishwa."

Akavaa miwani, akaikagua picha ya kizibao, akapitisha ukucha juu ya maua akitafuta uzi ulikoanzia. Kisha akaupindua ukurasa atazame nyuma, kwa sababu mafundo hufichwa nyuma, na huko ndiko washonaji hupekuliana kazi. Akakuta maandishi. Akanirudishia kitabu, akaokota kofia yake.