Suluhu Katika Mchezo wa Sataranji

Mtu aliyekulia penye bao, kama tulivyo wengi wa nyanda hizi za kati, hawezi kwa urahisi kuusifu mchezo uliokwisha bila mshindi. Wazee wachezapo bao kivulini, mmoja hucheka na mwingine huinuka. Njia ya tatu hapana. Basi mtu huyo akiona wawili wametaabika kutwa nzima juu ya ubao wa sataranji, kisha wakapeana mikono na kugawana nusu nusu ya alama, husema, "Kazi bure." Yafaa tuipime hukumu hiyo, maana tumezoea kuitoa hata juu ya mambo makubwa kuliko mchezo.

Kwanza tuziangalie mbao zenyewe. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Sataranji ina vyumba 64 na vipande 32. Hesabu ni ile ile, imegeuzwa tu. Lakini katika bao kete haifi. Ukila kete za mwenzako wazipanda upande wako, nawe waongezeka kwa kadiri yeye alivyopungua, hata safu yake ya mbele ikawa tupu. Katika sataranji kipande kilicholiwa huwekwa nje, wala aliyekila hakipati. Nguvu za wote wawili hupungua, na pengine hubaki wafalme wawili peke yao, ambao hawawezi kufungana. Basi suluhu si lazima iwe udhaifu wa wachezaji. Imo katika maumbile ya mchezo.

Walakini suluhu hazilingani, na mfano mzuri twaupata katika mashindano ya ubingwa wa dunia yaliyofanyika London mwaka 2018, kati ya Magnus Carlsen wa Norway na Fabiano Caruana wa Marekani. Walicheza michezo 12, na yote 12 ikaisha kwa suluhu. Asomaye hesabu hiyo peke yake atadhani walikuwa wakiogopana. Lakini katika sataranji hatua zote huandikwa, hata aliye mbali huweza kuupanga mchezo upya na kuuhukumu mwenyewe.

Mchezo wa kwanza ulichukua muda wa saa 7 hivi na hatua 115. Caruana alibanwa mapema, na wakati wake ukawa karibu kwisha kabla ya hatua ya 40. Hapo Carlsen alikuwa na njia ya kushinda, naye hakuiona. Hilo ni kosa, wala tusilifunike kwa sifa. Lakini tazama yaliyofuata. Carlsen, akiwa amemzidi mwenzake askari mdogo mmoja, alizidi kusukuma kwa muda mrefu, akitafuta ufa. Caruana naye, asiye na tumaini la kushinda, alilinda kila chumba kwa subira mpaka ufa ukakosekana. Nusu alama ile aliichuma kwa jasho.

Mchezo wa 12 ulikuwa mwingine kabisa. Carlsen alikuwa na hali iliyo bora na wakati mwingi kuliko mwenzake, lakini katika hatua ya 31 alitaka suluhu, na Caruana akakubali. Wengi walimlaumu. Mtu aweza kumtetea, maana alitazamia michezo ya wakati mfupi ambayo ingeamua ubingwa, na kweli siku mbili baadaye akashinda yote mitatu. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Lakini kufaulu kwa hesabu hakuufanyi mchezo kuwa mzuri. Mwanafunzi akiupanga ule wa 12 atajifunza namna ya kujihadhari. Akiupanga ule wa kwanza atajifunza namna ya kusimama wakati ambapo kusimama ndiko kulikobaki. Kwenye karatasi ya matokeo kila mmoja umeandikwa nusu kwa nusu, kana kwamba ni ndugu.

Neno letu suluhu lina maana ya mapatano pia, na hapo ndipo watu huchanganya. Wako wapatanao kwa kuwa wameogopa vita, na wako wapatanao kwa kuwa vita vimewaishia mikononi. Mkulima wa Ugogo ajua tofauti hiyo. Mvua zikimpita, naye akauvuka mwaka wa njaa na mbegu yake ya uwele ingali kilindoni, hakuvuna. Lakini ni nani atakayesema ameshindwa?

Kwa hiyo, wenzangu walimu, mtoto akirudi mashindanoni na kusema hakushinda wala hakushindwa, tusimwambie kazi bure, wala tusimsifu upesi. Tumwombe karatasi ya hatua zake, tuisome pamoja naye mpaka mwisho, ndipo tuseme neno.