Joto Linalotupwa Njia ya Kimara

Insafu yataka tuanze na sifa: njia ya mabasi yaendayo haraka kutoka Kimara hadi Kivukoni, iliyofunguliwa mwaka 2016, ina, pamoja na matawi yake, kilomita 20.9 na barabara yake yenyewe isiyoingiliwa na daladala. Sifa zimekwisha. Kuijaza njia hiyo mabasi ya dizeli ilikuwa taksiri iliyo dhahiri.

Msomaji aliyepata kuning'inia vyumani kutoka Ubungo hadi Magomeni anaijua hali yenyewe: basi halijatulia katika mwendo ila dereva amekwisha kukanyaga breki, maana Shekilango haijasahaulika na Urafiki imefika, na baada ya Urafiki Manzese. Basi refu lililojaa abiria, tukilikadiria tani 25, liendapo kilomita 50 kwa saa huwa limebeba katika mwendo wake nishati ya takriban theluthi mbili za uniti moja, uniti hizi hizi tununuazo kwa LUKU. Na kila lisimamapo, nishati hiyo hugeuka joto katika breki, ikatawanywa hewani Manzese, mahali ambapo joto halijapata kuadimika, kisha injini ikateketeza dizeli iliyovushwa bahari ili kuirejesha. Mota ya umeme ingefanya kinyume chake, kwani mguu ugusapo breki magurudumu ndiyo yaizungushayo, nayo hugeuka jenereta na kuilisha betri. Hairudi yote, maana mota, nyaya na betri zina sehemu yao, walakini hata nusu yake, kituo baada ya kituo tangu alfajiri hadi usiku, si kitu cha kudharau. Kwa basi la Ifakara kwenda Dar es Salaam, ambalo hukimbia muda mrefu pasipo breki, hoja hii ningeiacha.

Hujja ya watetezi ni kwamba teknolojia ilikuwa changa, ilhali London ilikuwa na mabasi ya ghorofa ya injini na mota miaka minne kabla. Mimi aghalabu hurejea Léopoldville, Kinshasa ya leo, ambako mwaka 1955 wahandisi wa Oerlikon wa Uswisi walipeleka mabasi 12 yasiyo na injini wala betri, bali flaiwili, yaani gurudumu zito la tani moja na nusu, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, iliyotiwa nguvu kwa umeme wa vituoni na kurudishiwa nyingine kila basi lilipopunguza mwendo. Yalikoma mwaka 1959, beringi zikiliwa na madereva wakikatiza njia za udongo. Lakini waungwana wale walifahamu kwamba basi la mjini ni chombo cha kusimama zaidi ya kwenda.

Nasi wa Michenga, huko Kilombero, tuna kinyongo chetu. Mto Kihansi, ambao maji yake huishia Kilombero, una mitambo ya megawati 180 tangu mwaka 2000, na umeme wake huingia gridi ile ile ilishayo Dar es Salaam, ilhali mabasi ya Kimara yaliwekewa dizeli.

Mwaka 2025 njia ya Mbagala ikapewa mabasi ya gesi asilia. Moshi umepungua na gesi ni yetu, ila injini ya gesi, sawa na ya dizeli, haina pa kuipokea nguvu irudiyo. Kwa njia ya Gongo la Mboto, sharti la mota irudishayo nguvu liandikwe katika zabuni kabla ya rangi ya mabasi.